Upande wa Jicho la Kulia

Siku hizi macho yangu yameniachia rangi tu. Mtu akisimama mlangoni namwona ni weusi unaoziba mwanga, na mpaka aniamkie "mbukwa" ndipo nimjue kwa sauti. Silalamiki. Umri wangu si wa kutunga uzi kwenye sindano. Ila asubuhi, jua linapopenya kwenye nyufa za tembe na vumbi likaanza kuelea ndani, ng'ombe wa boma hunijia. Hupita humo vumbini mmoja nyuma ya mwenzake, polepole, hawana haraka ya kufika popote. Hao nawaona vizuri kabisa, mpaka mikwaruzo ya pembe zao.

Walikufa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nawaandika kwa herufi kubwa kubwa, mstari ukipanda na kushuka, kwa sababu nimechoka kukaa nao peke yangu. Msomaji akiona mstari umepanda juu ya mwingine anisamehe, na asiponisamehe basi aache, karatasi ni yangu.

Ilikuwa enzi za Mdachi. Reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na boma lilikuwa limepakwa chokaa, jeupe hata ukilitazama mchana machozi yanakutoka. Sisi tulikaa Nzuguni, ambako sasa naambiwa nyumba zimebanana hata pa kuanika mtama hakuna. Wakati ule palikuwa na matembe machache, mashamba ya uwele, miiba, na upepo. Baba alikwenda na shoka kwenye kazi ya kufyeka njia ya reli, hakurudi, hata shoka halikurudi. Tukabaki mama, kaka yangu na mimi. Mama alikuwa haoni tena. Kaka alikuwa kijana wa kuoa, mrefu, nywele amezisuka na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta. Mimi nilikuwa binti mwenye miguu myembamba na mdomo mrefu, na mdomo huo sijauacha.

Ugonjwa wa macho kwetu ulikuwa wa nyumba kwa nyumba. Unaanza na tongo na mwasho, tena utotoni, kila mtoto anao. Ukikaa nao miaka mingi kope zinageuka, zinaota kuelekea ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila unapopepesa. Mwisho mboni inafunikwa na weupe. Dawa ya kuuzuia ilikuwa moja tu, nayo ni kuzing'oa kope hizo kila zinapoota. Mama alikuwa na kibano kidogo cha chuma alichofuliwa na mhunzi, akikivaa shingoni kwa ukanda wa ngozi. Alipokuwa haoni tena, alikivua akanivika mimi. Tangu siku hiyo kope za kaka zikawa kazi yangu.

Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuharibika kabla sijapewa kibano. Kwa jicho hilo aliona mwanga na kivuli, basi. La kushoto lilikuwa zima, na uzima wake ulikuwa mikononi mwangu. Kila baada ya siku chache alilala chali nje ya zizi, kichwa kwenye mapaja yangu, nami namng'oa kope moja moja huku machozi yanamtiririka masikioni. Hakuwahi kusema inauma. Alinisimulia mambo ya machungani, mbuni aliyewafukuza mbwa, wingu lililopita bila kunyesha, na sauti yake ikawa inapungua mpaka analala. Nilikuwa nakaa naye hivyo miguu ikifa ganzi, sitaki kumwamsha.

Tukitembea, mimi nilikaa upande wake wa kulia. Hatukupatana kwa maneno, ilikuwa hivyo tangu nilipojua kutembea. Mahali penye mawe au mfereji alinyoosha mkono wa kulia kidogo, bila kugeuka, na mkono ukanikuta begani. Watu walituona wakasema yule binti ni jicho la kaka yake. Mimi nilivimba kichwa kwa sifa hiyo. Naisema kweli yangu: nilikuwa na choyo naye.

Sasa kaka alitaka kuwa askari. Alikuwa amewaona wamepanda kutoka stesheni na kofia zao nyekundu, viatu vikilia pamoja, na wazee wetu wakisogea pembeni kuwapisha. Jambo hilo likamwingia, halikumtoka. Kila msimu watu wa jumbe walikuja na kiboko kutafuta wa kwenda kazini, na waliingia hata kwetu, wakimsukuma mama kipofu wapite. Nyumba ya askari hawakuigusa. Jioni moja tukikamua alinieleza, bila hasira, akiwa ameegemeza paji lake la uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Nikivaa kofia ile," alisema, "hakuna atakayemsukuma mama tena."

Nikamwuliza na jicho je. Maziwa yakaendelea kulia kwenye kibuyu. Kisha akasema jicho ni shauri letu mimi na yeye.

Hapo ndipo penyewe. Bunduki ya askari ililengwa kwa jicho la kulia, na kwa hiyo aliyetaka kuandikwa uaskari alipimwa hilo kwanza. Mimi nilijua vizuri namna walivyopima kwa sababu nilikuwa nachota maji kambini. Kulikuwa na mke wa askari mmoja, mwanamke wa mbali upande wa magharibi, mnene, mcheshi, ambaye hakuweza kuzoea visima vyetu vya kuchimba mchangani. Nilimletea maji asubuhi na kumsagia uwele, naye alinipa chumvi na mabaki ya nyama. Kutoka mlangoni kwake nilikiona kiwanja cha boma chote.

Daktari wa Kidachi alikuja kwa treni mara chache kwa mwaka. Vijana walipangwa nyuma ya mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Alikuwa na kibati cheusi chenye mpini, anamfunika mtu jicho moja kisha anamwonyesha mbali, ng'ambo ya kiwanja, kwenye hori ambako ng'ombe wa boma walipelekwa kunywa maji saa hiyo. Mwanzoni, nasikia, aliwauliza watu ng'ombe ni wangapi. Wenzetu wakanyamaza wote. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kama mawe, ukimwelekezea kidole na kumtaja idadi unamwitia kifo. Mtu wetu anamjua kila mmoja kwa rangi na pembe zake, na asiyekuwapo anamjua kwa pengo alilomwacha. Daktari akawaandika vipofu wote, wachungaji wanaomwona mwewe kabla hajaota mbawa.

Shaushi, yaani sajini wa askari weusi, ndiye aliyemfungua macho. Yeye mwenyewe alitoka kwenye watu wa ng'ombe huko kwao. Akashauri wasiulizwe idadi, waulizwe wanyama, wa kwanza yupi, anayefuata yupi, mpaka wa mwisho. Tangu hapo kipimo kikawa hicho, na vijana wetu wakapita bila taabu.

Na ng'ombe, mnajua, wana adabu yao ya kutembea. Kila kundi lina anayetangulia na anayefunga nyuma, na katikati hawapitani. Wale wa boma nikawa nawaona kila siku ya Mungu. Aliyetangulia alikuwa maksai wa madoadoa, pembe ya kushoto imevunjika, na kengele ya chuma shingoni. Alifuatwa na jike jekundu lenye paji jeupe. Kisha mweusi wa mkia mweupe. Kisha wa rangi ya majivu, mwenye nundu iliyolala upande. Kisha mitamba pacha wenye matumbo meupe, hawaachani hata ukiwapiga. Nyuma kabisa maksai mzee mwekundu aliyechechemea mguu wa nyuma. Sijawahesabu hapo, na nyinyi msiwahesabu.

Kaka akanituma niwalete nyumbani. Nikawaleta kwa mawe. Nilimtafutia mawe ya mtoni ya rangi mbalimbali, nikayapanga chini penye kivuli cha ukuta wa zizi, naye akayashika moja moja akiwa amefumba macho. Mchana huwa mtulivu sana kwetu kabla ya mvua, hata nzi wanachoka. Mama alikaa mlangoni akisikiliza, anasaga tumbaku, na kaka anawataja kwa sauti ya chini: wa madoadoa, jekundu la paji jeupe, mweusi wa mkia mweupe. Akikosea nampiga jiwe la goti. Baada ya siku kadhaa hakukosea tena. Yapo mambo mengi niliyoyafanya maishani, nimezaa, nimejenga, nimejifunza kusoma kwa wamisheni nikiwa mtu mzima, lakini sijui kama niliwahi kufurahi kama nilivyofurahi pale chini na mawe yangu.

Wala sikufikiri mbele. Mtoto hafikiri mbele. Nilidhani atavaa kofia nyekundu na kuja nayo nyumbani jioni.

Siku moja kabla daktari hajafika, nikisaga kwa yule mke wa askari, nikamwuliza vijana wakipita wanakaa nyumba zipi hapo kambini. Akacheka. Akanieleza kwamba hawakai, wanapandishwa treni kwenda pwani kufundishwa, na kutoka pwani wanapelekwa popote bwana mkubwa apendapo. Mume wake hakumwona mama yake tangu alipoondoka kwao, na hakujua kama yu hai. Aliyasema hayo akichambua mboga, kwa sauti ya kawaida tu. Nikamwuliza nani huwang'oa kope. Hakunielewa. Nilipomwonyesha kibano akasema jeshini kila mtu ana jicho lake mwenyewe.

Nilirudi Nzuguni nikiwa nimeduwaa. Njia nzima nilimwona kaka mahali nisipopajua, jicho la kushoto limeanza kuwasha, anapepesa, hakuna wa kumlaza mapajani. Nilimwona analiharibu kwa kulisugua. Kisha nikajiona mimi natembea na upande wangu wa kushoto mtupu. Nilipofika nyumbani alikuwa anajipaka mafuta kwa ajili ya kesho, na mama anacheka kwa kitu alichoambiwa. Nilimwambia wanapelekwa pwani. Alisema anajua. Alijua siku zote. Nikamwuliza na mimi je, akanivuta sikio kama mtoto akasema nitaolewa. Nilimchukia usiku kucha, na nilimpenda usiku kucha, yote mawili.

Asubuhi tuliondoka pamoja, mkono wake begani kwangu. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya mashamba, ule unaokuja siku chache tu kwa mwaka, na milima ilionekana inaelea haina miguu. Alikuwa anawataja ng'ombe chini chini. Tulipofika kambini tukaachana, yeye kwenye mawe meupe, mimi kwenye mitungi yangu.

Nyuma ya jiko la askari nikaikuta ngozi. Ilikuwa imetandazwa chini na kuwambwa kwa vigingi, bado mbichi, nzi wamejaa. Madoadoa. Kando yake kichwa, pembe ya kushoto imevunjika. Walikuwa wamemchinja alfajiri kwa ajili ya ujio wa daktari. Nikageuka nikatazama zizi la boma, nikasikia kengele. Mchungaji alikuwa ameivua ile kengele na kuifunga shingoni mwa jike jekundu lenye paji jeupe, na jike hilo lilikuwa limekwisha kushika nafasi ya mbele kana kwamba ndilo lililokuwa mbele siku zote.

Nilisimama na mtungi kichwani. Kutoka jikoni mpaka kwenye mawe meupe si mbali, mtu anafika kabla hajamaliza kupiga chafya mara tatu. Kwangu njia hiyo ilikuwa ndefu. Naikumbuka hatua kwa hatua, maji yakinidondokea mgongoni, harufu ya nyama inayochemka, mwanga unazidi kuwa mweupe. Sikuwa nimeamua. Ningependa kuandika kwamba niliamua, maana mtu akiamua anakuwa mtu mzima. Nilikuwa natembea tu.

Vijana walikuwa wamepanga foleni wakinywa maji kwa zamu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa nilipomfikia kaka. Alinywa. Akanirudishia kata akaniuliza polepole, midomo haichezi:

"Wamekaaje leo?"

Nikamjibu, "Ni wale wale."

Akanitazama kwa jicho lake la kushoto, akatabasamu, nami nikaenda na mtungi wangu kwa aliyefuata.

Kaka aliitwa wa kwanza, wakamfunika jicho zima kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Ndipo ng'ombe wakashuka kwenda horini, vumbi limewafunika magoti, kengele inalia polepole. Shaushi akamwuliza wa kwanza yupi. Kaka alinyoosha shingo, akawa kama mtu anayekaza macho, akafanya vizuri hata mimi nikakaribia kuamini. Akasema wa kwanza ni maksai wa madoadoa, pembe ya kushoto imevunjika.

Kisha askari mmoja aliyekaa ukutani akaanza kucheka, na wengine wakafuata, mpaka wake zao milangoni. Shaushi hakucheka kwanza. Alimsogelea kaka, akampungia mkono mbele ya jicho la kulia, karibu kabisa, na lile jicho halikupepesa. Ndipo akasema, na hakusema kwa ukali:

"Huyo unayemwona, ndugu yangu, tumemla asubuhi."

Daktari aliambiwa. Akateremsha kibati, akaandika kitu, akamwita mwingine. Hawakumpiga, na hiyo ilikuwa bahati. Kaka alibaki amesimama pale kwenye mstari mpaka alipoondolewa kwa kushikwa bega, na bega aliloshikwa lilikuwa la kulia, akashtuka.

Tulirudi njia ile ile. Ukungu ulikuwa umekwisha, kila kitu kina kingo kali. Aliweka mkono begani kwangu kama kawaida, nami nilikuwa nauona mzito. Tulipopita mfereji wa mwisho kabla ya kwetu akaniuliza kama asubuhi ile sikupita nyuma ya jiko. Nikasema sikupita. Akasema basi. Neno hilo moja tu, basi, na mkono hakuuondoa.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilijuta. Majuto yalikuwa bado yako njiani. Nilifurahi. Kaka alikuwa amebaki, na mwaka ule ulikuwa mwaka wa mvua, mvua ambayo sijaiona tena mfano wake. Uwele ulipita kichwa cha mtu. Bwawa la Bahi likajaa mpaka watu wa ng'ombe kama sisi tukaenda kuvua samaki, tukicheka kwa woga, hatujui kushika. Tulimchukua na mama. Tulimkalisha ukingoni miguu ikiwa majini, kaka akamwekea kambare mapajani, mama akapiga ukelele kisha akampapasa kuanzia ndevu mpaka mkia, akasema ana uso wa marehemu shangazi yake. Maji yalikuwa yamelala mpaka upeo wa macho na ndege weupe wamesimama ndani ya mawingu. Jioni kaka alilala chali kwenye majani, nikatoa kibano, nikamng'oa kope za jicho la kushoto. Hakulala usingizi kama zamani. Alikuwa ananitazama.

"Ungeniambia usiende, nisingekwenda," alisema.

Hakusema kwa kunilaumu. Nilishika kope nikaing'oa, na machozi yakamtoka kama yalivyokuwa yakimtoka siku zote. Nilitaka kusema niliiona ngozi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Mama akatuita akisema anasikia baridi, tukainuka.

Kisha vita vikaja, vya Wazungu kwa Wazungu. Treni zikawa zinapita zimejaa askari. Baadaye zikaanza kuja kamba za kuwafungia watu. Watu wa jumbe walifika alfajiri wakiwa na askari wawili, wanataka wapagazi, na safari hii hapakuwa na mstari wa mawe meupe wala kibati wala ng'ombe. Walimshika kaka mkono wakapapasa msuli wa bega, mmoja akasema huyu atafaa. Mimi nilipiga kelele kwamba haoni, haoni jicho la kulia, mtazameni, daktari wenu mwenyewe alimwandika. Askari akanijibu mzigo unabebwa kwa kichwa. Walimsukuma mama wakapita.

Wengi waliochaguliwa siku ile ya macho walirudi, hilo nilikuja kuliona baadaye. Mmoja wao alikuwa akinipitia uzeeni kuomba tumbaku. Aliniambia askari walikula kwanza, na askari walikuwa na viatu na mganga. Wapagazi walianguka njiani na mizigo ikapewa wengine. Hakujua kwamba kila neno lake lilikuwa linanichoma, au labda alijua. Nilimpa tumbaku.

Waliwafungia siku mbili nyuma ya boma. Siku ya tatu asubuhi wakatolewa kuelekea kusini, na sisi wa nyumbani tukakimbia kujipanga kando ya njia kuwaaga. Nilikuwa nimekivua kibano shingoni, nimekishika kiganjani. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitampa kibano, nitamwambia amtafute mwenzake mwenye mkono mwepesi, asisugue. Na nitamwambia juu ya ngozi. Nilikuwa nimeapa.

Wanawake wote walisimama upande wa kushoto wa njia, wenye kivuli. Mimi nilianza kusimama nao. Halafu nikaona vumbi linakuja, na wa mbele wakaanza kutokea, mmoja nyuma ya mwenzake, mizigo vichwani, polepole. Nikafikiri, nikisimama hapa ataniona, nami nitalazimika kumtazama lile jicho ninalolijua kope zake zote. Nikavuka njia. Nikasimama upande mwingine, juani, peke yangu.

Akaja. Sanduku lilikuwa kichwani, amelishika kwa mikono yote miwili, nywele wamemnyoa. Alikuwa anapepesa sana jicho la kushoto, na alikuwa analigeuza kwa wale wanawake kivulini, anawapitia uso kwa uso, anatafuta. Kwangu hakugeuka, na kwa nini angegeuka, upande huo hakukuwa na kitu ila mwanga.

Mbele yangu palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na maji ya mvua. Alipoufikia akapunguza mwendo. Akanyoosha mkono wa kulia kidogo, bila kugeuka, kiganja wazi, kama alivyonyoosha maisha yake yote. Ulikuwa hatua mbili kutoka begani kwangu. Nilikuwa na kibano mkononi. Mkono ulingoja hewani pale, sijui muda gani, kwangu mimi bado uko. Kisha akaurudisha kwenye sanduku, akatafuta ukingo wa mfereji kwa kidole cha mguu, akavuka mwenyewe.

Mama aliniuliza jioni kama nilimpa kibano. Nikamwambia nilimpa.